Nimemaliza uhandisi, nataka kusimamia miradi

Swali: Wakubwa, nimehitimu uhandisi wa ujenzi. Nimepata kazi ya saiti hapa Kisumu, upande wa Nyamasaria: kuhesabu saruji na kuandika daftari la kila siku. Nilitaka kusimamia mradi. Nikubali?

Jibu: Kubali, mdogo wangu! Udongo mweusi wa huko hufura mvua ikinyesha, hupasuka kiangazi. Utakufundisha msingi kweli. Pima nguvu ya vipande vya zege siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwaga. Usiruhusu fundi aongeze maji ili zege limwagike vyepesi; hulidhoofisha. Mimi nilinyamaza mara moja, tukabomoa nguzo mbili. Bado inaniuma.

Jibu: Jisajili Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Daftari hilo litunze.

Jibu: Nyapara msalimie kwanza asubuhi.