Wanjiku usiliache

Kikundi: Ukoo wa Babu, Moshi

Mama Upendo: Shikamooni wakubwa. Mmeuona mlima? Kibo imekuwa nyeupe mpaka chini. [picha]

Babu: Marahaba. Tangu saa kumi na mbili nimekaa uani nautazama.

Mama Upendo: Upendo hapa anauliza kama kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kushindana kwenye theluji. Wavulana darasani wamemwambia hayupo.

Shangazi Rose: Yupo, tena msichana! Sabrina Simader, kazaliwa Kilifi 1998. Pwani kabisa, kwenye minazi. Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipohamia naye Austria. Baba yake wa kambo ndiye aliyemfundisha skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni.

Baba mdogo Elia: Dada, huyo si kakulia Ulaya? Tusimpe mtoto habari nusu.

Shangazi Rose: Kakulia huko, sifichi. Lakini bendera aliyoibeba kwenye Olimpiki ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, 2018 ni ya Kenya, na timu nzima ya Kenya ilikuwa ni yeye peke yake. Hebu fikiria unaingia uwanjani hivyo, una miaka 19, nyuma yako hakuna mwanamichezo mwenzako hata mmoja. Mkenya wa kwanza mwanamke kwenye Olimpiki hiyo ya baridi.

Baba mdogo Elia: Hapo nakubali. Mwanamume wa kwanza alikuwa Philip Boit, Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, 1998 hiyo hiyo. Alikuwa mkimbiaji, akaenda kujifunza skii Finland. Mbio za skii za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekwisha kushinda dhahabu, akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Daehlie.

Babu: Huyo Mnorway kalelewa.

Mama Upendo: Upendo anauliza Sabrina alikimbia nini.

Shangazi Rose: Hakukimbia mama, aliteremka mlima. Mbio mojawapo inaitwa super-G. Unashuka mara moja tu, hakuna raundi ya pili, na ukikosa mlango mmoja, yaani kupita kati ya nguzo zilizowekwa njiani, umetoka. Siku ile Ester Ledecká wa Cheki alishinda kwa sekunde 0.01! Wako waliotoka njiani. Sabrina alifika chini.

Mama Upendo: Anauliza tena, Kilifi kuna baridi?

Shangazi Rose: Hata kidogo. Joto kama Tanga.

Mama Upendo: Kachukua daftari. Anaomba jina lote, herufi kwa herufi.

Shangazi Rose: Sabrina Wanjiku Simader. Mwambie Wanjiku asiliache.