MiG-23ML imebeba lawama za MiG-23MS

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Kila ikitajwa MiG-23, ndege ya kivita ya Kisovieti, majibu ni yale yale: chuma chakavu, haikunji kona, inaua rubani wake. Mimi nasema sifa hiyo ni ya toleo la MS, na toleo la ML limebebeshwa bure.

MS ndiyo Wasovieti waliyowauzia Waarabu miaka ya 1970, ikiwa imepunguzwa makali. Umbo jipya, mabawa ya kusogezwa, lakini puani wameweka rada ya MiG-21, ndege iliyoitangulia, na mabawani makombora ya zamani ya R-3S, ambayo yanataka uwe nyuma ya adui ndipo ufyatue. Haina kitambua joto cha kumwona adui wala kombora la masafa marefu. Ni sawa na kufunga taa za baiskeli kwenye lori jipya, halafu likigonga usiku unalaumu lori.

ML ni habari nyingine. Tangi moja la nyuma lilitolewa kupunguza uzito, pezi refu la mgongoni likakatwa, ikafungwa injini ya R-35 yenye msukumo wa kilo 13,000. Ikapata rada bora ya Sapfir, kitambua joto chini ya pua, makombora ya R-23 na baadaye R-24 ya kupiga kwa mbali, na R-60 ya karibu. Na kitu ambacho watu hawakitaji kabisa: ndege hii inachanganya! Vuta mabawa nyuma hadi nyuzi 72, fungulia injini, anayekufukuza anabaki anakuangalia. Wamarekani walirusha kwa siri MiG-23 zilizotoka Misri, kule Tonopah, Nevada. Marubani wao hawakuipenda hata kidogo, lakini kwa kuchanganya mwendo waliivulia kofia. Na hizo hazikuwa ML.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, nakuheshimu, ila umeruka mambo. Bonde la Bekaa, Lebanon, Juni 1982, MiG-23 za Syria zilipukutika mbele ya F-15 na F-16 za Israeli. Tarehe 4 Januari 1989 F-14 za Marekani ziliangusha MiG-23 mbili za Libya kwa dakika chache. Huko huko Nevada, Luteni Jenerali Robert Bond wa Marekani alikufa katika ajali ya MiG-23 mwezi Aprili 1984. Sasa hizo nguvu ziko wapi?

MLETA MADA
Ya Libya siipingi. Bekaa naomba tuitazame vizuri. Syria iliingiza pale MS, MF (toleo jingine la kuuzwa nje) na BN. BN ni ndege ya kushambulia ardhini, puani haina hata rada ya kuwindia ndege! Halafu Waisraeli walivuruga mawasiliano ya redio, na rubani aliyefunzwa Kisovieti hutegemea sauti ya mwongozaji wa ardhini. Ukimkatia sauti hiyo ni kama umemfunga kitambaa machoni. Kosa hilo ni la mfumo mzima wa vita.

Njoo Angola, mwenzetu wa nchi za mstari wa mbele. Tarehe 27 Septemba 1987 MiG-23ML za Wacuba, waliokuwa wakiisaidia serikali ya Angola, zilikutana na ndege za Mirage F1 za Afrika Kusini. Kombora la Mcuba Alberto Ley Rivas likampata Arthur Piercy wa Afrika Kusini mkiani. Piercy alijikongoja hadi kituo chao cha Rundu, kaskazini mwa Namibia, lakini ndege ikashindwa kusimama na kupitiliza uwanja. Kiti kikamrusha nje, naye akaumia vibaya uti wa mgongo. Rubani yule alikuwa shujaa, sisemi haya kwa kufurahia. Nasema ML ilifanya ilichoundiwa: iongozwe kutoka ardhini, ifike haraka, ipige, iondoke.

Na jiografia ilikuwa upande wake. MiG zilirukia Menongue, karibu zaidi na Cuito Cuanavale, mji uliokuwa ukipiganiwa. Mirage zilitoka mbali, zikaingia chini chini, zikarusha mabomu na kugeuza, maana mafuta hayakuruhusu zikae. Mwaka 1988 viwanja vya ndege vya Cahama na Xangongo, kusini mwa Angola, vilipoandaliwa, MiG-23 zikafika hadi mpakani mwa Namibia. Tarehe 27 Juni zikapiga bwawa la Calueque na kuua wanajeshi wa Afrika Kusini wasiopungua 11. Mwaka huo huo makubaliano ya amani yakasainiwa. Sidai ndege ndiyo iliyoyaleta, ila Pretoria ilikuwa imeshaona kwamba anga si yake tena.

MCHANGIAJI WA PILI
Ndugu zangu, Afrika Kusini ilikuwa chini ya vikwazo vya silaha tangu 1977. Mirage zile hazikuwa na kombora la kulingana na R-23. Ukimshinda mtu aliyefungwa mkono mmoja usijisifu sana. Na waasi wa UNITA wa Angola walipopewa Stinger za Marekani, makombora ya kufyatulia begani, MiG-23 nazo zilidunguliwa.

MLETA MADA
Hoja ya vikwazo naikubali yote, mkuu. Ya Stinger, kombora lile lilidungua ndege na helikopta za kila namna, tusiitwishe ML peke yake. Udhaifu wake halisi niutaje mwenyewe: mabawa husogezwa na rubani kwa mkono, nyuzi 16, 45 au 72, wakati F-14 hujipanga yenyewe. Katikati ya mapigano huo ni mzigo mkubwa kwa kijana wa miaka 25. Lakini mabawa hayo hayo yakifunguliwa hadi 16 yanaipa ndege ya injini moja mruko mfupi na kutua taratibu, na magurudumu yake yameundwa kuvumilia viwanja vibovu. Kwa Angola ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kukunja kona.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Hapo kwenye Menongue nimekuelewa, na BN nilikuwa naihesabu kama ndege ya kuwinda ndege, nimejisahihisha. Ila F-16 ikishamshika ML karibu na kumlazimisha wazungushane, rubani wa ML anafanya nini?

MLETA MADA
Hazunguki, mkuu. Anavuta mabawa nyuma na kuondoka.