Disemba nasafiri na mtoto Dar hadi Mwanza, joto lote hili. Nguo mnapangaje? Tupeane uzoefu

MamaKitinda
Habari zenu wapendwa. Leo nimevuta begi uvunguni nianze kupanga, nikakuta koti la manyoya la mwanangu la safari ya mwaka jana, limekunjwa vilevile nilivyolikunja mimi. Halikutoka begini hata siku moja. Nilibeba nguo 31 za mtoto wa miezi 9, akavaa kama nane hivi, na bado njia nzima alikuwa na harara shingoni na mapajani mpaka analia nikimgusa. Sasa tunaenda tena, Mwanza halafu Ukerewe kwa bibi yake, wiki tatu. Ana mwaka na miezi tisa. Mliotangulia, mnabeba nini, mnaacha nini? Na vya kushika mkononi ndani ya basi je?

Fundi Cherehani
Pamba tupu, dada. Dukani kamata kitambaa, kikunje ngumini uhesabu hadi kumi, uachie. Pamba itabaki na makunyanzi. Kikinyooka chenyewe, kirudishe, hicho kitamchemsha mtoto.

BintiSinga
Umenikumbusha mbali.

Januari 2018, Dar kwenda Mwanza, wakati huo basi tunapandia Ubungo saa 12 asubuhi. Binti yangu ana mwaka na nusu. Nguo zake zote nilizipanga vizuri kwenye begi kubwa, begi likaingia kwenye buti. Mkononi nikabaki na pochi, chupa ya maji, pampasi mbili na kanga moja. Mtoto nimemvalisha gauni la sherehe, lile la wavu tabaka tatu, na taiti nyeupe, kwa sababu babu yake alikuwa hajawahi kumwona na ndiye anakuja kutupokea stendi.

Hadi Morogoro shwari. Baada ya Dumila jua likapanda upande wetu, dirisha letu halifunguki, AC ya basi inatoa upepo wa moto. Dodoma tukala. Tulipoiacha Manyoni, kama saa 10 jioni, akaanza kutapika. Mara ya kwanza kwenye gauni, mara ya pili mapajani kwangu. Halafu tumbo likaachia. Pampasi zote mbili zikaisha ndani ya nusu saa. Nikamvua lile gauni, limeloa, limegandana na ngozi, na mgongoni wavu umemwachia alama nyekundu kama amelalia chandarua. Nikaenda mbele kwa konda: kaka, nakuomba unifungulie buti dakika mbili tu. Akaniambia buti ni Singida.

Nikamfunga kanga. Kanga nayo ikachafuka. Nikabaki nimemshika mtoto uchi mikononi, mimi mwenyewe nimelowa, watu wa siti za mbele wameziba pua, na mtoto ameacha kulia, amelegea ananitazama tu. Huko kuacha kulia ndiko kulikonitisha kuliko yote.

Akaja mama mmoja kutoka siti za nyuma, anayumba na basi, mwanawe kambeba mgongoni. Hakuniuliza kitu. Akamchukua mtoto, akachana kanga yake mwenyewe vipande viwili kwa meno, akamfunga nepi, akamvalisha gauni la njano la mwanawe, jepesi, limechakaa kwa kufuliwa. Kisha akatoa paketi ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, akakoroga kwenye chupa yangu, akawa anamnywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo. Singida buti likafunguliwa. Begi langu liko chini ya magodoro na maboksi ya watu, nikaambiwa hayawezi kupakuliwa yote. Tukaenda na gauni lile la njano hadi Mwanza.

Njiwa wa Mbagala
Nimesoma sipumui. Mtoto alipona?

BintiSinga
Alipona, namshukuru Mungu. Sasa yupo shule ya msingi.

Konda Mstaafu
Pole dada. Ila nimefanya ukonda miaka 11, niseme ukweli. Basi halisimami ovyo kila abiria anapotaka, na buti likifunguliwa porini mizigo ya watu ikapotea anadaiwa konda. Begi la nguo za mtoto linaingiaje kwenye buti?

Njiwa wa Mbagala
Mtoto anaharisha, kaka! Kuchimba dawa mlikuwa mnasimama wapi, kama siyo hukohuko porini?

Konda Mstaafu
Kuchimba dawa ni dakika tano. Kushusha magodoro na kuyapakia upya ni nusu saa na zaidi, na abiria haohao wanaanza kukutukana.

Njiwa wa Mbagala
Basi angalau mngemtafutia maji. Kuziba pua siyo msaada.

Konda Mstaafu
Hapo nakubali. Maji ningempa.

Baba Pacha
Jamani dada kauliza nguo. Sisi na pacha wetu tunapanga kwa seti: kaptula, fulana, chupi na pampasi vimeviringishwa pamoja, vimefungwa kwa mpira. Akichafuka unachomoa mzinga mmoja, hupekui begi zima gizani. Begi la miguuni linabeba seti nne kwa kila mtoto, na fulana moja ya mama na moja ya baba, maana anayetapikiwa ni wewe. Zamani nguo chafu tulizitia kwenye rambo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 tukahamia kwenye ndoo ndogo ya lita nne yenye mfuniko. Harufu haitoki, na mkifika inakuwa ya kuogea.

Mwana wa Kisauni
Sisi huku Mombasa ni leso. Leso moja ni shuka, ni taulo, ni mbeleko, na ukiibana dirishani ni pazia la jua. Lakini msibebe leso mpya. Mpya ina wanga, ni ngumu na hainyonyi maji. Ifue mara tatu nne kwanza.

Fundi Cherehani
Kanga.

Mwana wa Kisauni
Leso. Tusianze.

Bibi Mkwiro
Wanangu, mtoto avae soksi na kofia ya sufu. Upepo wa dirishani unaingia kifuani hata kama ni joto.

Nesi wa Kliniki
Shikamoo mama. Kichanga wa siku chache kweli anafunikwa. Ila huyu wa mwaka na miezi tisa, mchana, kwenye basi la joto, sufu itamzidishia joto. MamaKitinda, usimpime kwa viganja wala nyayo, hivyo huwa vya baridi hata mtoto akiwa na joto. Mguse shingo kwa nyuma. Ukikuta jasho, punguza nguo. Na kwa harara, nguo pana, maji ya kawaida, mkaushe vizuri kwenye mikunjo. Mafuta mazito ya mgando yaache, yanazidi kuziba ngozi.

Bibi Mkwiro
Marahaba mwanangu. Nimelea saba, na wote walivaa soksi. Lakini la mafuta nimelisikia.

Mpanda Usiku
Tangu mabasi ya usiku yarudi 2023 mimi sisafiri tena mchana na mtoto. Jua hakuna, analala. Ila bebeni sweta moja na suruali ndefu moja, hata kama Dar mmeondoka mnavuja jasho. Usiku wa manane kule Singida siyo Mbagala, na madereva wengine wakiwasha AC hawazimi.

Nipo Muscat
Nakazia la sweta. Huku Juni jua linapita nyuzi 40, na bado mwanangu huwa anaugua mafua ya AC ya dukani. Nje namvalisha pamba nyepesi ya mikono mirefu, ngozi isiungue. Mikono wazi siyo lazima.

Mama Ashura
Wiki tatu seti nane zinatosha. Ukerewe kuna sabuni, kuna maji ya ziwa, na kwa jua hilo nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika nyingine.

MamaKitinda
Asanteni sana. Koti nimelirudisha uvunguni. Gauni lake la Krismasi lenye wavu nilikuwa nimeliweka juu kabisa avae siku ya safari, nimelitoa. Atalivaa akishafika na kuoga. BintiSinga, yule mama ulimrudishia gauni?

BintiSinga
Sikumrudishia. Alishuka Igunga usiku, mimi nimepitiwa na usingizi na mtoto kifuani. Nilipoamka siti yake ina mtu mwingine. Sikumuuliza jina, sikumuuliza namba. Gauni ninalo hadi leo, nimelifua na kulipiga pasi. Lina kifungo kimoja cha bluu na viwili vyeupe. Mama, kama unasoma hapa, uliyemvalisha mtoto wa mwenzio kati ya Manyoni na Singida Januari 2018, nitafute.

Njiwa wa Mbagala
Napandisha juu, amuone.

Mgeni Kigoma
Samahani, na sisi wa treni ya Kigoma, siku mbili njiani, pampasi mnahesabuje?