Paja limekuwa gumu na homa haishi: je, ni usaha ndani ya msuli?

Muulizaji, Likoni
Assalamu alaykum. Mume wangu ana miaka 41 na hupakia mizigo bandarini. Wiki mbili zilizopita alijigonga paja, tukamkanda kwa maji moto na kumpeleka kwa mchuaji, lakini sasa paja ni gumu kama ubao na kila jioni ana homa, ingawa ngozi haijabadilika rangi. Malaria haikuonekana. Tuombe vipimo gani?

Tabibu, Changamwe
Wa alaykum salaam, dada. Bila kumwona siwezi kuthibitisha, ila hivyo ndivyo payomaiositisi, yaani maambukizi yanayoleta usaha ndani ya msuli, inavyoanza: bakteria, mara nyingi stafilokoka, hufika kwenye msuli kupitia damu, hasa pale palipoumia. Kwa kuwa msuli umefunikwa na utando mgumu, usaha waweza kujaa ndani huku ngozi ikionekana salama, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika tukaandika dawa za maumivu. Mpeleke hospitali leo. Ultrasaundi itaonyesha kama kuna usaha, na itasaidia kutambua iwapo tatizo ni damu iliyoganda kwenye mshipa, ambayo nayo huvimbisha mguu. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, hasa usaha ulio ndani ya nyonga, lakini ni ghali. Msichelewe kwa kuisubiri. Apimwe pia sukari na virusi vya ukimwi, kwa sababu kinga ikishuka maradhi haya hupata njia.

Muuguzi wa wadi ya upasuaji
Mchuaji apumzike kwanza. Huu si mteguko. Usaha ukishakusanyika, vidonge peke yake havitoshi: hutolewa kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi, au kwa kupasua, kisha sehemu yake hupelekwa maabara kuoteshwa ili ijulikane ni dawa gani inayoua bakteria hao. Kwa kawaida huanzishwa flukloksasilini, antibiotiki ya kupitishwa kwenye mshipa, na bakteria wakishukiwa kuwa sugu hutumiwa vankomaisini. Matibabu huchukua takriban wiki 3 hadi 4, wakati mwingine zaidi, na asiache dawa siku homa itakapokatika, kosa ninalolishuhudia mara kwa mara.

Muulizaji, Likoni
Shukrani sana. Alilazwa usiku uleule na usaha umetolewa. Sukari yake ya damu ilikuwa 17, juu sana, nasi hatukuwa na habari kabisa.