Mdogo wangu kakatwa vidole na mashine mbovu kiwandani, tufanye nini kisheria?

Mwana wa Jomvu:
Assalam aleykum na habari za jioni wana jamvi. Mnisamehe nikiruka ruka, sijalala vizuri tangu juzi. Mdogo wangu ana miaka 24, anafanya kibarua kwenye kiwanda kimoja cha sufuria huku Mombasa, mwezi wa 19 huu, analipwa 700 kwa siku, hana barua ya kazi wala nini, jina lake liko tu kwenye kitabu cha supavaiza.

Yeye yuko kwenye presi, ile mashine inayoshuka kulipatia bati umbo. Unaweka bati, unatoa mkono, unakanyaga pedali, inapiga mara moja inasimama juu. Sasa hii yao ilianza kurudia yenyewe, unakanyaga mara moja inapiga mara mbili. Wamelalamika wiki tatu, fundi akaja akafunga springi ya pedali kwa waya akaenda zake. Gadi ya mbele, ile kinga ya kuzuia mkono, ilishatolewa kitambo ati inachelewesha kazi. Jumanne iliyopita kaingiza mkono kutoa sufuria, mguu haupo kabisa kwenye pedali, ikashuka. Kidole cha shahada na cha kati vimeenda, mkono wa kulia, na ndio mkono anaoutumia kwa kila kitu.

Mwenye kampuni katoa elfu 15 za hospitali. Jana meneja kaja mpaka wodini na karatasi ya Kiingereza asaini, nimeisoma inasema kapokea malipo yote na hana dai lolote tena. Hajasaini, nimeikunja niko nayo mfukoni. Wanasema ni uzembe wake na zaidi ya hapo yeye ni kibarua, hana haki. Ni kweli? Na mahakamani tunaanzia wapi?

Chonjo254:
Pole sana ndugu yangu. Usiwasikize hao, tafuta wakili uwashtaki moja kwa moja. Binamu yangu mashine ilimkata mkono mwaka 2004 huko Nairobi, walienda kortini kampuni ikalipa pesa ya maana mpaka akajenga. Mashine mbovu ni kosa lao, hapo hata jaji hana la kuuliza.

Karani wa Zamani:
Mwana wa Jomvu pole, na mpe pole mgonjwa. Nimekaa na mafaili ya madai ya wafanyakazi kwenye bima miaka 11 kwa hivyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Chonjo, ya binamu yako ilikuwa sawa kwa wakati ule. Zamani ulikuwa na hiari ya kumshtaki mwajiri kwa uzembe. Ikaja WIBA, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ikasema mfanyakazi hamshtaki mwajiri wake kortini kudai fidia ya ajali ya kazini, dai linaanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS, ile idara ya usalama na afya kazini. Mawakili walipigana nayo miaka, Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vyake kadhaa 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakata shauri kwamba vinasimama. Ukimpeleka mwajiri kortini leo kesi inatupwa na gharama juu, na miezi inapotea bure, na miezi hiyo ndiyo inayowaumiza watu kwa sababu dai la WIBA lina miezi 12 tu tangu siku ya ajali. Nimeona mafaili mengi yamekufa hivyo, na vidonda vya watu ni vya kweli kabisa.

Kibarua ana haki. Sheria haiulizi barua, mkataba wa mdomo ni mkataba, na kitabu cha supavaiza ni ushahidi, kipige picha leo. Na hilo neno uzembe lisiwatishe. WIBA haiangalii nani alizembea, mtu kaumia kazini akifanya kazi ya mwajiri, basi analipwa. Kinachoweza kumzuia ni kama alijiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo, jeraha likiwa la ulemavu mkubwa kinga hiyo ya mwajiri inaondoka. Mtu kutoa sufuria kwenye presi ndiyo kazi yenyewe aliyoajiriwa.

Mwajiri anatakiwa aripoti ajali DOSHS ndani ya siku 7 tangu alipojua. Asiporipoti msimngoje, nendeni wenyewe ofisi ya DOSHS hapo Mombasa mchukue fomu, kuna sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Daktari ataandika asilimia ya ulemavu wa kudumu na DOSHS ndio wanapiga hesabu, wala sio meneja. Hesabu yenyewe ni mshahara wa miezi 96 mara hiyo asilimia. Tuseme 700 kwa siku 26 ni 18,200 kwa mwezi, mara 96 ni 1,747,200, daktari akisema asilimia 15 inakuja 262,080. Hiyo 15 nimeitoa mfano tu. Juu yake kuna mshahara wa siku ambazo hawezi kufanya kazi, unaweza kwenda mpaka miezi 12, na matibabu yote ni juu ya mwajiri. Hiyo elfu 15 ni sehemu ya matibabu, isihesabiwe kama fidia.

Asisaini. Na karatasi itunze vizuri, inaonyesha nia yao.

FundiPresi:
Hiyo ya kupiga mara mbili naijua, nimetengeneza presi za aina hiyo. Zile za zamani zina gurudumu zito linazunguka muda wote, ukikanyaga pedali pini ya klachi inaingia inashika shafti, ikimaliza duru moja pini inatakiwa itoke na breki ishike. Pini ikilika au springi yake ikichoka au breki ikilegea shafti haisimami juu, inapitiliza duru ya pili. Mguu wa mtu hauna uhusiano wowote hapo!! Kufunga springi ya PEDALI kwa waya ni kama kumpaka mtu dawa ya mguu anaumwa tumbo. Wallahi nimekasirika kusoma hii.

Sasa sikiza. Tafuta mtu ndani apige picha kibati cha mashine chenye jina na namba, ule waya, na pale mbele palipokuwa na gadi, matundu ya boliti utayaona yako wazi. Kama kuna video fupi ya mashine ikirudia yenyewe hiyo ni dhahabu. Fanya haraka kwa sababu wakishtuka wanabadilisha pini usiku mmoja na kesho mashine ni nzima.

Mwana wa Jomvu:
Washabadilisha. Rafiki yake kaniambia tangu Alhamisi inapiga vizuri na gadi mpya imefungwa, nyeupe bado haijapakwa rangi. Lakini video iko, waliirekodi wiki mbili kabla kumwonyesha supavaiza kwenye WhatsApp, na yeye akajibu "nitaongea na fundi".

Na kuna kitu sikusema, yule fundi si mfanyakazi wa kiwanda, ni wa karakana ya nje wanaitwa wakiharibikiwa. Ina maana yoyote?

Karani wa Zamani:
Ina maana kubwa, umefanya vizuri kusema.

Kwanza hilo jibu la supavaiza lihifadhi na tarehe yake, usilifanyie forward tu, weka simu yenyewe salama. Kubadilisha pini hakufuti kitu, tena gadi mpya siku mbili baada ya ajali inasema walijua ilikuwa haipo. Mpelekeeni afisa wa DOSHS hayo yote, ana uwezo wa kuingia kiwandani kukagua na kuuliza rekodi za matengenezo, na akikuta mashine nyingine ni hatari anaweza kuisimamisha. Kuna sheria ya pili, ile ya usalama na afya kazini ya 2007, inayomtaka mwenye kiwanda azibe sehemu zote hatari za mashine, na kuivunja ni kosa la jinai. Hiyo haimlipi mdogo wako lakini wenzake bado wako kwenye presi hiyo hiyo asubuhi hii.

Pili, huyo fundi. Marufuku ya WIBA inamkinga mwajiri peke yake. Mtu wa tatu aliyesababisha ajali kwa uzembe wake anashtakiwa mahakama ya kawaida, na muda wa kesi ya namna hiyo ni miaka 3. Kwa hivyo ile kesi aliyokuwa anaisema Chonjo ipo, ila mshtakiwa ni karakana. Ingekuwa mashine ni mpya na imetoka kiwandani na kasoro, ningesema mtazame aliyeitengeneza au aliyeiingiza nchini. Kwa hii ya kwenu sioni, presi ya miaka mingi iliyotolewa gadi na mwenyewe na pini imelika, kosa la mtengenezaji wa kwanza halipo. Bali mtu aliyeitwa kwa ajili ya kosa hilo hilo, akaliona, akafunga waya akachukua pesa, huyo ana la kujibu. Jua tu korti itatazama alicholipwa WIBA asilipwe mara mbili kwa jeraha moja.

Mama Nuru:
Nami nilipoteza ncha ya kidole kwenye mashine ya kushona, mkono wa kushoto. Nitasema mawili tu. Msikimbilie asilimia kidonda kikiwa kibichi, mimi daktari wa kwanza alinipa 3 nikiwa bado na bandeji, baada ya kupona kidole kikabaki hakikunjiki na daktari mwingine akaandika 8. Mkiona DOSHS wamekadiria chini mnapinga kwa maandishi ndani ya siku 60, na msiporidhika na jibu mnaenda mahakama ya kazi. Pia mkilipwa mnalipwa polepole, sheria inasema siku 90 tangu dai liwasilishwe lakini mimi nilingoja mwaka na zaidi, nilikuwa naenda kila Jumatatu kuuliza faili langu liko wapi mpaka mlinzi akawa ananijua jina.

La pili ni wale vijana wanaozunguka hospitali, wanakuja na fomu wanasema tunakufanyia kesi bure ukilipwa tunakata asilimia 30. Sheria ya mawakili hairuhusu wakili kukubaliana alipwe ukishinda tu. Kama hamna pesa nendeni Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa na kesi za wafanyakazi wamezizoea.

Kaka, na mikono yake sasa ikoje? Anaweza kushika kijiko?

Mwana wa Jomvu:
Anajaribu na kushoto, wali unamwagika anakasirika anasukuma sahani. Bi mkubwa ndo anamlisha akilala lala, mchana hataki.

Nimepiga picha kitabu, yuko ndani tangu Machi mwaka jana, karibu kila ukurasa. Kesho saa mbili niko DOSHS na rafiki yake mwenye video, kaomba ruhusa kasema anapeleka mtoto kliniki. FundiPresi naomba nikuandikie inbox, nataka ile habari ya pini na breki niieleze vizuri kwa afisa kama ulivyoieleza wewe.

FundiPresi:
Andika. Na kama afisa anataka fundi wa kumwonyesha pale inapolika, niko Changamwe, ntakuja.