Naomba ushauri: programu ya duka la dawa inagoma kwenye kompyuta ya mteja

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Nimetengeneza programu ya mauzo ya duka la dawa kwa Python na Tkinter (ya kuchora madirisha na vitufe), data zinakaa SQLite (databesi ya faili moja), kwangu inapiga kazi fresh ila nikishaifunga na PyInstaller iwe faili moja la exe nikapeleka kwa mteja ndo shida zinaanza. Antivirusi yake inalifuta hapohapo, inadai ni virusi. Halafu kubwa zaidi, mauzo yanaingia vizuri ila ukifunga programu ukafungua tena yote yamepotea, nimefuatilia nikakuta exe ya hivyo inajifungua kwenye folda ya muda ambayo inafutwa ukitoka, sasa databesi niihamishie AppData (folda ya kila mtumiaji peke yake) au ProgramData (folda ya watumiaji wote wa mashine)? Maana wauzaji ni wawili na kila mmoja ana akaunti yake ya Windows, wote waone mauzo yaleyale, na huko ProgramData ruhusa ya kuandika mnaiwekaje? Mashine nyingine ni Windows 7, na Python kuanzia 3.9 haiikubali kabisa, nirudi 3.8?

Na nikitumia onedir (PyInstaller itoe folda nzima badala ya faili moja) na Inno Setup (ya kutengeneza faili la kuinstall) antivirusi itatulia kweli au lazima ninunue cheti cha kusaini exe, kuonyesha imetoka kwangu? Hizo ni hesabu za watu jamani, sitaki ipotee hata risiti moja, aliyepita huku anielekeze hasa hilo la databesi.