Naomba ushauri: stendi ya injini, magurudumu matatu au manne?

Mwanagenzi_Busia: Habari zenu wakubwa. Nina miezi miwili nikijifunza kuchomelea, nina mashine ndogo ya inveta na rodi za milimita 2.5. Nataka kujitengenezea stendi ya injini, ile inayoshika upande wa giaboksi na kuzunguka. Swali ni moja tu: magurudumu matatu au manne? Chuma ninacho. Naombeni majibu kabla ya Jumamosi.

Kondakta Mstaafu: Nenda Katwe, kule Kampala, ununue iliyo tayari. Mimi nilichomelea mwenyewe keria ya juu ya gari, ikaruka tukiwa Lugazi na mbuzi wawili juu yake. Mbuzi walipona. Keria hatukuiona tena.

Spana17: Manne. Ya matatu hupinduka gurudumu la mbele likinasa kwenye ufa. Lakini ssebo, magurudumu huulizwa mwisho. Injini imeshikwa nyuma tu, uzito wote unaning'inia mbele, kwa hiyo kona ya mlingoti, ile nguzo ya wima, na msingi ndiyo inayobeba kila kitu. Injini gani? Chuma kina unene gani?

Mwanagenzi_Busia: Injini ya kawaida tu. Chuma ni cha mraba, kizuri.

Mama wa Tororo: "Kawaida" si jina la injini, mwanangu. Na Jumamosi kuna nini?

Mwanagenzi_Busia: Sawa. Ni ile ya Toyota iitwayo 3L, ya Hiace ya shemeji, mume wa dada yangu. Jumamosi anataka irudi kwenye gari. Na stendi nimeshaimaliza. Injini iko juu yake tangu juzi. Nimetoa plagi, kichwa na altaneta iwe nyepesi. Mlingoti umeinama mbele kama vidole viwili, lakini haujavunjika. Bomba ni la milimita 50, unene 1.5, lile la mageti. Mtaa mzima unatumia hilo, na geti langu halijawahi kuanguka! Isitoshe nimepiga mshono mnene sana.

Spana17: Geti halining'inizi injini ya dizeli. Anzia unene wa milimita 3, na kila kona uweke vibamba vya pembetatu. Mshono mnene si mshono uliopenya. Mwanagenzi huogopa kutoboa bomba jembamba, anashusha moto, rodi inayeyuka na kukaa juu juu tu. Bolti ziwe ngumu, za daraja la 8.8. Mhimili wa kuzungushia ukae juu kidogo ya usawa wa krankishafti, shafti kuu ya injini, la sivyo injini itajigeuza na kukuvunja mkono. Ishushe LEO.

Mzee wa Mbale: Vijana hawataki kukaa chini ya fundi. Zamani ulifagia gereji mwaka mzima kabla ya kushika hata nyundo.

Kondakta Mstaafu: Ulifagia, na mshahara hukuuona.

Bint Arua: Jamani mnadanganywa. 3L ni dizeli, haiwashwi kwa plagi za cheche, sasa plagi za nini? Picha hakuna. Huyu anatunga.

Kondakta Mstaafu: Hahaha! Nilishangaa hiyo injini ya kawaida.

Mwanagenzi_Busia: Plagi za kupashia moto! Ziko nne! Na kamera ya simu yangu imepasuka.

Spana17: Hizo zipo kweli. Ila uzito wake ni wa vijiko vinne, na kichwa kikitoka zinatoka nacho.

Bint Arua: Kamera imepasuka, eti. Mtu wa kweli angekuwa anamwogopa shemeji.

Mwanagenzi_Busia: Shemeji ni mpole. Namwogopa dada.

Mama wa Tororo: Mimi namwamini. Mwanangu, kipime hicho chuma kwa majerikeni ya maji.

Spana17: Mama kasema. Shusha injini kwa winchi, usisimame chini yake. Jerikeni la maji la lita 20 ni kama kilo 20. Funga chuma kitokeze mbele hadi pale katikati ya injini ilipokuwa. Ukiyaning'iniza karibu na mlingoti unajidanganya. Moja moja, hadi kumi.

Mwanagenzi_Busia: Nimerudi. Injini iko chini, juu ya matairi mawili mazee. Majerikeni yalifika manane. La tisa mlingoti ukalala, mshono ukabanduka mzima kama ganda, na bomba chini yake linang'aa, halijaguswa na moto. Maji ua mzima. Mama mwenye nyumba anauliza nani analipia.

Bint Arua: Picha ya maji?

Mwanagenzi_Busia: Dada, nimesema kamera imepasuka.

Spana17: Mwache. Hilo ganda hawezi kulitunga asiyeliona. Kesho nipigie, nina vipande vya bomba la milimita 4.